Maswali ya Wasomaji: Sudan ilipopata uhuru, bunduki zilikuwa zimeshalia

Barua za mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Karibu zote zinauliza jinsi Sudan ilivyopata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na kwa nini nchi hiyo ilizama katika vita kati ya Kaskazini na Kusini mpaka ikagawanyika. Tumezipanga zifuatane na miaka, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Mhariri, kitabu kimoja cha shule kinasema Sudan ilitawaliwa na Mwingereza, kingine kinasema Misri. Nifundishe kipi? (Mwalimu wa historia, Iringa)

Vyote viwili, mwalimu. Kwa mkataba wa 1899 Sudan iliwekwa chini ya utawala wa ubia: bendera mbili, wakubwa wawili. Gavana Mkuu aliteuliwa rasmi na mtawala wa Misri, lakini kwa pendekezo la Uingereza, na siku zote alikuwa Mwingereza. Misri ilichangia fedha na askari. Maamuzi yalitoka kwa Mwingereza. Mwanafunzi akiandika "koloni la Uingereza" usimnyime alama zote, ila mweleze kwamba ubia huo ndio ulioharakisha uhuru bila maandalizi.

Ilikuwaje? Baada ya Mfalme Farouk kupinduliwa mwaka 1952, maofisa waliotwaa madaraka Cairo chini ya Muhammad Naguib, ambaye ni mzaliwa wa Khartoum, waliliacha dai la kale kwamba Sudan ni mali ya taji la Misri. Wakawaita wakubwa wa vyama vya Kaskazini na kukubaliana nao tarehe 10 Januari 1953. Mwingereza alibaki peke yake. Alikuwa ametaka Gavana Mkuu abaki na mamlaka maalumu ya kuilinda Kusini, lakini sharti hilo likafutwa. Tarehe 12 Februari 1953 Uingereza na Misri zikatia saini: serikali ya ndani mara moja, na ndani ya miaka mitatu isiyozidi Wasudani waamue kuungana na Misri au kujitegemea.

Katika mazungumzo hayo ya Cairo hapakuwa na mwakilishi hata mmoja wa Kusini. Kusini ilitembelewa tu: Meja Salah Salem, mmoja wa maofisa wale wa Cairo, alikwenda huko, akavua magwanda na kucheza ngoma na wenyeji, na picha yake ikatapakaa magazetini. Ngoma aliicheza vizuri, lakini mezani hakuwafikisha.

Tumezoea kusikia kwamba Mwingereza ndiye aliyewatenganisha ndugu hawa. Ni kweli, au ni kutafuta wa kumtupia lawama? (Msomaji, Kitale)

Alitenganisha, kisha akaunganisha, na kosa kubwa liko kwenye kasi ya hilo la pili.

Chuki haikuanza na Mwingereza. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilishuka kutoka Khartoum hadi Bahr el Ghazal na Equatoria, mikoa ya Kusini. Mzee wa Kusini wa mwaka 1920 hakuhitaji kitabu kuyajua hayo, maana aliyaona au alisimuliwa na babaake. Juu ya jeraha hilo Mwingereza akajenga ukuta. Sheria ya mwaka 1922 iliziita wilaya za Kusini "wilaya zilizofungwa": asiye mwenyeji hakuingia bila kibali, na hata mfanyabiashara kutoka Kaskazini alihitaji leseni ambayo ingeweza kufutwa. Mwaka 1928 mkutano wa Rejaf ulichagua lugha za kienyeji za kufundishia, zikiwemo Dinka, Nuer, Bari, Shilluk, Lotuko na Zande, na Kiingereza kikawekwa juu yake. Kiarabu kikapigwa teke. Tarehe 25 Januari 1930 Harold MacMichael, Katibu wa Serikali, aliyatia yote hayo katika waraka mmoja unaojulikana kama Sera ya Kusini. Kuna wilaya ambako hata kanzu ya Kiarabu ilipigwa vita madukani.

Ukuta unaweza kuwa wa kulinda iwapo ndani yake kunajengwa kitu. Ndani ya huu kulijengwa kidogo mno. Elimu iliachiwa wamisionari, kila dhehebu na eneo lake, na serikali ikachangia ruzuku ndogo. Khartoum ilikuwa na Chuo cha Gordon tangu mwaka 1902. Kusini ilipata shule yake ya sekondari ya serikali, ile ya Rumbek, mwaka 1948. Fanya hesabu mwenyewe: mwanafunzi aliyeingia kidato cha kwanza mwaka ule alikuwa bado kijana mdogo nchi ilipokabidhiwa.

Desemba 1946 upepo ukageuka. Katibu mpya wa Serikali, James Robertson, aliandika kwamba Kusini imefungamana na Kaskazini na haina njia nyingine. Tarehe 12 na 13 Juni 1947 akaitisha mkutano Juba, wakakaa machifu na makarani wa Kusini, maofisa wa Kiingereza na wajumbe wachache kutoka Kaskazini. Mkutano ule haukuwa na mamlaka ya kuamua wala haukupiga kura, ingawa hadi leo kuna wanaosema "Wakusini walikubali muungano Juba". Chifu Lolik Lado wa Liria alilieleza jambo kwa mfano ambao mtu yeyote wa kwetu angeuelewa: msichana anayeposwa huomba kwanza muda, asikie habari za huyo kijana kwa watu wengine. Siku ya kwanza wasomi wa Kusini walisitasita. Usiku jaji Muhammad Salih Shingeiti wa Kaskazini alikaa nao, na miongoni mwa yaliyozungumzwa ni mishahara, kwa kuwa karani wa Kusini alilipwa pungufu kuliko mwenzake wa Kaskazini kwa kazi ileile. Kulipokucha baadhi yao, akiwemo Clement Mboro, walikuwa wamebadili msimamo. Muda ambao Chifu Lolik aliuomba haukutolewa.

Eti Kusini ilikaribia kuunganishwa na Uganda na Kenya? (Msomaji, Gulu)

Ilifikiriwa. Maofisa wa Kiingereza walilirudia wazo hilo kwa nyakati mbalimbali, na hata mwaka 1944 lilikuwa bado moja kati ya njia tatu walizoandika: kuiunganisha na Kaskazini, kuiunganisha na Afrika Mashariki, au kuigawa huku na huku. Halikufika mbali. Barabara, reli na bandari hazikuelekea huko. Mizigo ya Juba ilipanda Mto Nile kutoka Kaskazini. Sudan Kusini ilikuja kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, kwa njia nyingine kabisa.

Nimesoma kwamba chanzo cha vita ni "kazi sita". Kazi gani hizo? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Mwaka 1954 iliundwa kamati ya kuwaondoa Waingereza na Wamisri kwenye utumishi wa serikali na kuwaweka Wasudani. Nafasi zilizogawiwa zilikuwa takribani 800. Wakusini walipata sita: wakuu wasaidizi wa wilaya wanne na mamur wawili, yaani maofisa wadogo wa utawala chini ya mkuu wa wilaya. Sita katika 800 haifiki mtu mmoja katika kila mia. Sensa ya 1955/56 ilionyesha kwamba Kusini ina zaidi ya robo ya watu wote wa nchi.

Usidhani kamati ilikaa na orodha ikawa inafuta majina ya Kusini kwa chuki. Ilitumia vigezo vinavyoonekana vya haki: elimu, miaka ya utumishi, uzoefu wa cheo. Ndipo mtego ulipo. Vigezo hivyo vilikuwa vimeshafungwa na zile shule ambazo hazikujengwa. Halafu kwenye kampeni za uchaguzi wa mwishoni mwa 1953, chama cha NUP (National Unionist Party) cha Ismail al-Azhari, mwanasiasa wa Kaskazini, kiliwaahidi Wakusini kwamba wao ndio watakaotangulizwa kwenye vyeo vya kwao. Azhari alishinda, akawa waziri mkuu. Matokeo ya kamati yalipotangazwa Oktoba 1954, mtu wa Juba aliona tu kwamba Mwingereza ofisini ameondoka na kiti chake amekikalia mtu wa Omdurman, huko Kaskazini. Karani, polisi na mwalimu, ambao ndio wasomi wa Kusini, walijua sasa kwamba ngazi imekatwa juu ya vichwa vyao.

Tafadhali tupeni hatua kwa hatua yaliyotokea Torit, maana kila mtu anasimulia lake. (Wasomaji wanne, kwa nyakati tofauti)

Torit ni mji wa Equatoria, mashariki ya Juba, na ndipo palipokuwa makao makuu ya Kikosi cha Equatoria. Kikosi hiki kiliundwa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ili askari wa Kaskazini waondolewe Kusini. Wa mwisho wao waliondoka Mongalla tarehe 7 Desemba 1917. Kwa hiyo kwa karibu miaka 40 askari wa Kusini walitumikia kwao, na amri ikatolewa kwa Kiingereza. Mwaka 1954 na 1955 maofisa wa Kiingereza wakaondoka, wa Kaskazini wakashika usukani. Askari ni walewale, bunduki ni zilezile, na anayeamrisha ni mgeni.

Kuni zilikuwa zimeshakauka, na Julai 1955 ndipo cheche zilipoanza. Kwanza ilizagaa telegramu iliyodaiwa kutoka kwa Waziri Mkuu Azhari kwenda kwa maofisa wake wa Kusini, ikiwataka wawakandamize wenyeji na wasisikilize malalamiko yao. Ilikuwa ya kughushi, tume ya uchunguzi ilithibitisha hivyo baadaye. Lakini karatasi ya uongo huaminika inapofanana na yale mtu anayoyaona kila siku kazini, na hii ilinakiliwa na kupita mikono ya makarani na polisi.

Pili, tarehe 25 Julai mbunge Elia Kuze alifikishwa mahakamani Yambio kwa kesi ambayo watu waliiona ni ya kumkomoa. Kesho yake, tarehe 26, mambo yakaharibika Nzara, penye kiwanda cha pamba cha Mradi wa Wazande. Uongozi mpya ulikuwa umeachisha kazi wafanyakazi 300 wa Kusini kwa hoja ya kubana matumizi, huku ukiajiri wasimamizi kutoka Kaskazini. Wafanyakazi wakaandamana, wakapigwa risasi, wakafa watu. Baada ya Nzara hakuna mtu wa Equatoria aliyeiona telegramu kuwa ya uongo.

Tatu ni ile amri. Kombania Na. 2 ilitakiwa kwenda Khartoum kushiriki gwaride la kuagana na majeshi ya kigeni. Karatasini ni heshima. Huko Torit amri hiyo ilisomeka kwa namna nyingine: wanatolewa ili wenzao wa Kaskazini waje kushika nafasi zao, na huko waendako wataangamizwa. Mapema Agosti wakubwa wa jeshi walishanusa kwamba kuna njama, na walishauriwa waahirishe safari. Hawakuahirisha. Wakahofia kwamba kuahirisha kutaonekana udhaifu.

Tarehe 18 Agosti asubuhi kombania ilipangwa mstari, malori yakaletwa. Askari wakakataa kupanda. Zikatokea vurugu, risasi zikapigwa, na umati wa askari ukavunja ghala la silaha. Kuanzia hapo hapakuwa na amri wala kamanda. Maofisa, wafanyabiashara na watumishi wa Kaskazini, pamoja na wake na watoto wao, waliwindwa Torit, na habari zilipofika Yei, Yambio, Maridi na miji mingine ya Equatoria hali ikawa hiyohiyo. Wapo Wakusini waliowaficha majirani zao wa Kaskazini majumbani mwao. Kwenye barabara ya Torit watu waliukimbilia Mto Kinyeti uliofurika.

Hesabu ya tume: waliokufa 336, wakiwemo 261 wa Kaskazini na 75 wa Kusini. Kati ya hao 75, watu 55 walizama kwenye Mto Kinyeti. Ukikutana na masimulizi yanayosema "Kaskazini iliua maelfu Torit" au "Wakusini hawakufa", yote mawili yanagongana na hesabu hiyo. Kisasi kilikuja baadaye, kwenye mahakama na vijijini.

Waasi waliomba majeshi ya Uingereza yaje. Uingereza haikuleta majeshi. Ilisaidia kuwasafirisha kwa ndege askari wa Kaskazini. Gavana Mkuu, Sir Knox Helm, aliwapelekea ujumbe wajisalimishe na kuahidi watatendewa haki. Luteni Renaldo Loleya, aliyekuja kuwaongoza Torit, alijisalimisha na baadaye akauawa kwa hukumu. Wengi hawakungoja kuona ahadi itakavyokuwa: waliingia msituni au walivuka mpaka kuingia Uganda, na bunduki zao begani.

Tume hiyo iliongozwa na hakimu Tawfiq Cotran, naye Khalifa Mahjub na Chifu Lolik Lado, yuleyule wa mfano wa posa, wakiwa wajumbe. Ripoti yake ilitoka Oktoba 1956, na hadi leo haijapatikana nyingine ya kuipita kwa habari za Torit.

Kama mambo yalikuwa hivyo Agosti, wabunge wa Kusini walipigiaje kura uhuru Desemba hiyohiyo? (Msomaji, Nakuru)

Kwa ahadi. Walitaka shirikisho, yaani Kusini iwe na serikali yake ndani ya Sudan moja. Tarehe 19 Desemba 1955 bunge lilitangaza uhuru kwa kauli moja, baada ya wabunge wa Kusini kuhakikishiwa kwamba dai la shirikisho "litazingatiwa kikamilifu" na watakaoandika katiba. Neno ni kuzingatia, wala si kukubali. Mwanasheria angeliona tundu hilo siku ileile.

Kamati ya katiba ya 1956 ilikuwa na wajumbe 46, watatu kati yao wa Kusini. Ikazingatia, ikakataa. Juni 1958 wabunge wa Kusini walitoka bungeni katika mjadala wa katiba, na Novemba 17 mwaka huo Jenerali Ibrahim Abboud akapindua serikali na kulifunga bunge lenyewe. Padri Saturnino Lohure, aliyekuwa akiongoza wabunge wa shirikisho, alikimbia nchi mwaka 1961.

Vita vya kwanza vilianza 1955 au 1963? Mtihani unataka mwaka mmoja. (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi)

Kama mtihani unataka mwaka wa maasi, ni 1955. Kama unataka jeshi la msituni lenye jina na uongozi, ni 1963. Andika "1955 hadi 1972" kwa kuwa ndivyo vitabu vingi vinavyoandika, lakini usiseme kwamba watu walipigana mfululizo miaka yote hiyo. Kati ya 1956 na 1962 walikuwepo vikundi vidogo vya askari wa Torit, wakiwinda ili wale na wakivizia barabara.

Kilichowaongezea watu ni serikali ya Abboud. Mwaka 1960 siku ya mapumziko Kusini ilihamishwa kutoka Jumapili hadi Ijumaa, wanafunzi wakagoma. Mwaka 1962 migomo ya shule ilirudi kwa nguvu, na mamia ya vijana wakavuka mipaka. Mwanzoni mwa 1964 wamisionari wote wa kigeni walifukuzwa Kusini. Kwa hiyo kikundi cha askari wazee wenye bunduki kikapata vijana wanaojua kusoma ramani na kuandika barua. Jeshi hilo la msituni liliitwa Anya-Nya, jina lililotokana na neno la Kimadi la sumu ya nyoka.

Silaha je? Mwanzo zilikuwa chache sana. Neema ilishuka kutoka upande ambao wengi hawautegemei: silaha zilizokuwa zikipitishwa Sudan kwenda kwa waasi wa Simba wa Kongo katika miaka ya 1964 na 1965. Simba waliposhindwa na kurudi nyuma, nyingi ziliishia mikononi mwa Anya-Nya, kwa kunyang'anywa au kubadilishana na chakula.

Bor 1983 na Torit 1955 vinafanana, au ninaona vivuli? (Msomaji, Nairobi)

Vinafanana kuliko unavyodhani. Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 uliipa Kusini serikali yake Juba na jeshi la askari 12,000, nusu wa Kusini na nusu wa Kaskazini. Anya-Nya wakaingizwa humo. Rais Nimeiri alipoanza kuubomoa mkataba, kwa kutaka kubadili mipaka baada ya mafuta kugunduliwa Bentiu, upande wa Kusini, na kisha kwa kuigawa Kusini mikoa mitatu, alihitaji pia kuwatawanya askari hao. Batalioni ya 105 ya Bor ikatakiwa kuhamia Kaskazini. Ikakataa, na tarehe 16 Mei 1983 ikashambuliwa. Waliotoroka walivuka mpaka kuingia Ethiopia, na huko ndiko SPLA, jeshi jipya la waasi la John Garang, ilikoundwa. Sheria za Kiislamu zilizotangazwa Septemba mwaka huo zilikuta vita vimeshaanza. Wanafunzi wengi hugeuza mpangilio huo na kuzifanya chanzo.

Kwa nini mpaka wa Sudan na Sudan Kusini huitwa "mstari wa 1/1/1956"? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu Mkataba wa Amani wa 2005, uliojadiliwa Machakos na Naivasha na kutiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari, haukuchora mpaka mpya. Ulisema mpaka ni ule wa mikoa ulivyokuwa siku ya uhuru. Kura ya maoni ya Januari 2011, ambapo asilimia 98.83 walichagua kujitenga, ilifuata mstari huo.

Tatizo ni kwamba Mwingereza hakuuchora kama mpaka wa nchi. Ilikuwa mistari ya mikoa, iliyosogezwa kwa urahisi wa utawala. Eneo la Kafia Kingi, kwa mfano, lilikuwa la Bahr el Ghazal siku ya uhuru na likahamishiwa Darfur, mkoa wa Kaskazini, mwaka 1960. Kwa hiyo kwa mkataba ni la Kusini, ingawa Sudan iliendelea kulishikilia hata baada ya Kusini kujitenga. Eneo la Abyei, nalo la mpakani, ni kinyume chake. Himaya tisa za Wadinka wa Ngok zilihamishiwa Kordofan, mkoa wa Kaskazini, mwaka 1905, nusu karne kabla ya tarehe inayotumika, hivyo mstari wa 1956 unaiacha Kaskazini. Ndiyo sababu ilibidi iwekewe itifaki yake peke yake, ikapelekwa hadi mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 2009 iliamua mipaka ya eneo lenyewe bila kusema ni la nchi gani. Ukiwa na ramani ya ukutani, tazama katikati ya mpaka, kusini ya Kordofan: mchora ramani makini ataiwekea Abyei vidoti.